Mkeka wa Msiba Wako Bado Umetandikwa

S.L.P. 61,
Mafinga, Iringa.
Jumapili, 3 Agosti 2025

Mpendwa mdogo wangu Blandina,

Kamwene. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na safari hii neno hilo siliandiki kwa mazoea. Goti lako la kushoto linaendeleaje? Binti yako Ruth na mumewe hawajambo? Na wewe unakula vizuri, au bado unakula mikate mikavu kwa kusimama, kama ulivyoniambia siku zile baada ya kumzika shemeji Merle?

Mimi sijambo, namshukuru Mungu. Miguu huuma asubuhi, ikipata jua inaacha. Baridi ya mwaka huu imekuwa ya kutuonyesha kazi. Mwezi uliopita sakitu iliunguza viazi vyote vya bondeni, majani yakawa meusi kama yamepita motoni. Sweta lako la kijani ndilo ninalovaa ninapoandika. Limenifaa sana, ingawa liliniingiza kwenye aibu ambayo itasimuliwa Mafinga hadi wajukuu wa mwanangu Vitus wazeeke.

Najua tulizungumza kwenye simu. Lakini siku ile nilikuwa nimezungukwa na watu wapatao thelathini, kila mmoja akitaka kusikia sauti yako, na maneno yangu mwenyewe sikuyasema. Tangu hapo ukipiga, mtandao unakatika, au nasikia sauti yako nashindwa kuendelea. Kwa hiyo nimeamua kuandika. Leo nimetoka Misa mapema, nimewafungia kuku, nimekaa mezani kwa mama.

Nianze na kile kifurushi. Jumanne ile, tarehe ishirini na nne Juni, katekista wetu Tadeo alikuja nacho akisema wale wageni wa parokia kutoka Amerika wamekiacha ofisini, kina jina langu. Nikafungua. Ndani sweta, lako, lililovaliwa, kiwiko kimoja kimeshonwa kwa uzi wa rangi nyingine. Lilikuwa na harufu yako. Chini ya sweta kitabu kinene cha Kiingereza. Barua hakuna. Uliniambia baadaye kwamba uliweka kikaratasi; basi kilidondoka njiani, labda sasa hivi kinasomwa na mtu wa uwanja wa ndege.

Blandina, wewe umekaa huko miaka thelathini na moja, huenda umesahau. Hapa kwetu nguo ya mtu iliyovaliwa ikiletwa kwa ndugu yake bila maneno, mtu haulizi imetokea wapi. Tumegawana hivyo nguo za mama, mimi na wewe, kwenye chumba hikihiki.

Nikamwambia Tadeo afungue kitabu. Akapekua, akafika kwenye picha moja akaacha kupekua. Nikakichukua mwenyewe. Kiingereza changu kidogo, lakini jiwe la kaburi halihitaji Kiingereza. Kushoto jina la shemeji Merle, 1953 hadi 2022. Kulia jina lako, Blandina, limechongwa vizuri kabisa, 1961, na baada ya hapo maua yamefunika. Nikajua mwaka wa pili uko nyuma ya maua.

Wahenga walisema kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia. Nilianza. Anjela alinisikia kutoka kwake ng'ambo ya mfereji akaja mbio na unga mikononi, hakuuliza jambo, akanikalisha chini. Tukapiga namba yako, haipatikani. Tukapiga tena. Namba ya Ruth sina, na hili nalilaumu kwako, maana nimekuomba mara mbili. Kumbe wewe ulikuwa kwenye mkutano wa ukoo wa mumeo, akina Stalder, simu imetumbukia ziwani, unakula nyama choma.

Kufikia jioni viti vilikuwa vimetolewa nje, mkeka mkubwa umetandikwa sebuleni, magogo ya msiba yanawaka uwanjani. Jumuiya walikuja na maharage na unga. Vitus aliomba ruhusa kazini Uyole, akafika kesho yake na mkwe wangu Sekela na gunia la mchele. Sekela unamfahamu, akilia analia Kinyakyusa chote, akawaliza hata waliokuja kwa ajili ya chakula. Ijumaa Misa ya marehemu ikasomwa, jina lako likatajwa altareni. Padri alipojua ukweli nilikwenda kuomba radhi. Akaniambia sala haiozi, itakusubiri.

Jumamosi simu ya Vitus ikalia, namba ngeni. Ukaomba uongee na mimi. Nilipoisikia shikamoo yako nilikaa chini, bahati mkeka ulikuwepo.

"Dada, mbona kelele hivyo? Kuna harusi?"

"Kuna msiba," nikasema.

"Maskini. Wa nani?"

"Wako."

Kisha baba mdogo Silvester akaninyang'anya simu, maana alihofu ni matapeli, akakuuliza jina la ng'ombe aliyekupiga pembe ulipokuwa na miaka saba. Uliposema "Ndulamo", mzee yule wa miaka tisini alirusha fimbo. Watu wakacheka, wakapiga vigelegele, wengine wakalia upya. Ukatueleza kwamba huko kwenu mume akitangulia, jina la mke huchongwa hapohapo kando yake akiwa hai, mwaka wa kufa unaachwa wazi, na kwamba ndivyo wanavyofanya watu wote na hakuna anayeshtuka. Hapa walishtuka. Anjela alisema yeye akiliona jina lake juu ya kaburi atakufa siku hiyohiyo ili kumaliza mjadala.

Sasa nikwambie jambo ambalo sijamwambia hata padri. Siku zile nne nyumba ilijaa. Niliamka nakuta uji umepikwa. Mtu aliniuliza kama nimekula, mwingine akaniuliza tena. Wanawake walilala pande zote mbili zangu, nikasikia watu wanapumua. Tangu Baba Vitus afariki sijasikia mtu anapumua ndani ya nyumba hii. Nilikuwa nakulilia kwa machozi ya kweli, na papo hapo kuna sehemu ya moyo wangu ilikuwa imetulia. Kisha ukafufuka, watu wakacheka, wakakunja kanga zao, kila mtu akaenda kwake. Jumapili jioni nilichota unga wa ugali wa mtu mmoja. Sufuria ile ndogo unaijua. Nilikaa nayo mapajani muda mrefu kabla sijaiinjika.

Vitus alitaka niondoke naye palepale. Nitarudi kwenye hilo.

Kitabu hakikurudi kabatini. Kilikuwa kimenitesa, nikataka kujua kinasema nini. Tadeo ana Kiingereza cha seminari, kwa hiyo amekuwa akija Jumatano na Ijumaa baada ya mafundisho, ananisomea kwa Kiswahili, namlipa viazi. Kwa wiki tano tumesoma habari za ukoo wa mume wako hadi naweza kukufundisha wewe.

Nimemjua Ulrich Stalder. Alizaliwa milimani Uswisi, huko Berni, kwenye kijiji ambacho Tadeo anasema kwa picha kinafanana na Mufindi, ukungu na ng'ombe. Watu wake walikataa kubatiza watoto wachanga, serikali ikawafunga na kuwanyang'anya mashamba. Mwaka 1738 akaondoka na mkewe Elsbeti na mtoto wa kike wa miezi minane. Walishuka mtoni kwa mashua wiki nyingi hadi baharini. Alibeba kisu cha mundu kisicho na mpini, biblia, na maharage ndani ya soksi. Soksi hiyo ilinichekesha, nikakumbuka wewe na mbegu za mnavu ulizoficha kwenye viatu.

Melini mtoto alikufa kwanza, Elsbeti akafuata. Walitupwa majini. Kitabu kinasema hivyo kwa sentensi mbili kisha kinaendelea na bei ya nauli, nikamwambia Tadeo asimame kidogo. Hakuna aliyewakalia mkeka. Ulrich alishuka Filadelfia peke yake, akatumikia miaka mitatu kwenye shamba la mtu kulipa safari, ndipo akaenda Pensilvania ya ndani, hapo mnapoishi. Akakata miti, akajenga nyumba ya magogo, akaoa tena, akapata watoto kumi na mmoja. Akina Stalder wote wametokea hapo.

Kuna mahali kitabu kinasema ardhi aliyopewa ilikuwa tupu. Tadeo alisoma hilo akanitazama juu ya miwani. Babu yetu alihamishwa kule juu kwenye mashamba ya chai kwa sababu Waingereza nao waliikuta ardhi tupu, na yeye akiwa amesimama juu yake na mbuzi zake. Simlaumu Ulrich, alikuwa anakimbia. Ila waulize akina Stalder kwenye mkutano ujao, nani aliondoka ili pawe patupu. Wewe ni mke wa ukoo, una haki ya kuuliza.

Na mwishoni mwa sura hiyo, chini kabisa ya ukurasa, ndipo Tadeo alipofikia mtu ambaye hajatoka kichwani mwangu tangu siku hiyo. Ulrich alikuwa na dada. Aliitwa Verena. Kitabu kina kurasa mia tatu na kitu, Verena ana mstari mmoja. Nimemwomba Tadeo auandike kwenye karatasi, ninao hapa: "Dada yake mkubwa, Verena, alibaki kumtunza mama yao. Hakuna kinachojulikana zaidi."

Nilimwambia aangalie tena mbele, huenda anarudi. Hakurudi.

Lakini kuna barua. Ulrich alimwandikia mwaka wa tano, na imechapishwa yote. Anamsalimia, anauliza afya ya mama, anasema mahindi ya huko ni makubwa kuliko mkono wake. Kisha anasema, mavuno mawili yajayo yakienda vizuri, nitakuja kukuona, usiigawe sehemu yangu ya nyumba. Hakwenda. Aliishi miaka arobaini zaidi. Tadeo alieleza kwamba barua hiyo ilikutwa Uswisi, ndani ya kisanduku, kwenye nyumba ileile. Maana yake ni kwamba Verena aliitunza. Wameandika kitabu kizima cha aliyeondoka, na aliyewawezesha kuisikia sauti yake ni yule aliyebaki. Sikujizuia, nilikwenda uvunguni nikatoa bati la biskuti lenye barua zako zote tangu 1994, nikazihesabu mbele ya Tadeo. Akasema Mama Vitus, funika, zitaingia vumbi.

Iko ile ya mwaka 2009, baada ya kumzika mama. Uliandika: "Dada, chumba changu usikigawe. Nikistaafu ninarudi, tutazeeka pamoja tukigombana." Sijakigawa. Kitanda cha chuma kipo, naanika godoro kila mwezi. Pale makaburini, kulia kwa mama, ulisimama ukapima kwa hatua zako ukasema hapa ni mimi, pale ni wewe. Nimepapalilia pande zote mbili miaka kumi na sita. Minyaa tuliyopanda kuzunguka imekuwa mirefu kunipita.

Sasa unaelewa kwa nini ile simu ilipokwisha sikucheka na wengine kwa muda mrefu. Ulisema ni desturi tu. Sawa. Lakini jiwe si kalenda, mdogo wangu. Mtu haandiki jina lake mahali ambapo hana mpango nako. Nililia siku nne kwa kosa, na nilipojua umzima nikagundua kuna kitu kimekufa kweli, nacho hakuna aliyekuja kunipa pole kwa ajili yake.

Sikulaumu kulala na mumeo. Merle alikuwa mtu mwema. Alipokuja Uyole kufundisha watu ufugaji wa ng'ombe wa maziwa alikuwa anasalimia wazee kwa kuinama bila kufundishwa. Nami nitalala na Baba Vitus, aliye palepale jirani na nafasi yangu. Ninachokulaumu ni kwamba ulijua tangu jiwe lichongwe, miaka mitatu, na kila nilipokuambia nimeanika godoro lako ulisema ahsante dada.

Nina haja ya kujua, si ya kulalamika tu. Vitus amenijengea chumba Uyole. Anasema mwaka huu hanibembelezi tena. Majirani wote wa upande wa chini wamepanda misindano, wamehamia mjini, wanasubiri kuvuna mbao. Ninapokaa nje sasa nasikia upepo kwenye miti na malori ya magogo barabarani, sauti ya mtu hapana. Vitus naye anataka shamba letu lipandwe miti hiyo mvua za Novemba zikianza, nyumba ifungwe, makaburi yaachiwe nafasi katikati. Nimemkatalia miaka yote kwa sababu moja tu, nayo ni chumba chako. Niliogopa utakuja ukute msitu. Kama hurudi, niambie, niende nikalee wajukuu nikiwa bado na nguvu za kuwakimbiza. Nisiwe Verena wa kungoja mavuno mawili.

Nina ombi jingine. Ukurasa wa 214, mnapotajwa, kitabu kinasema Merle alioa "Blandina, mwenyeji wa Afrika". Afrika nzima ndiyo ilikuzaa? Asiyekuwapo na lake halipo, lakini wewe ulikuwepo, ungewaambia. Wakichapa tena waandike: Blandina binti wa Gaudensi Kalinga, fundi seremala wa Mafinga, na Evarista, mkulima. Na kama kuna nafasi, usiniweke niwe wa mstari mmoja. Sema alikuwa na dada aliyeitwa Veneranda, alifundisha darasa la kwanza miaka thelathini na mbili, alikuwa mkali, alicheza ngoma vizuri. Hayo yanajulikana.

Jambo la mwisho ni mkeka. Baada ya watu kuondoka niliinama niukunje, baba mdogo Silvester akanizuia. Unajua matanga hayaanuliwi na mtu yeyote tu, ni mkubwa wa ukoo, na mkubwa aliyebaki ni yeye. Nikamwomba auanue. Akajibu: "Mimi nimezika wengi, mwanangu. Lakini msiba wa mtu anayekula sijawahi kuuvunja, na sijui maneno yake. Aje auvunje mwenyewe." Kisha akaomba ugali.

Nimewauliza wazee wengine wawili, wote hawajui. Kwa hiyo mkeka uko sebuleni hadi leo. Naukwepa nikienda jikoni. Wageni wakija wanaona haya kuukanyaga, wanakaa ukingoni. Siku nyingine mchana nalala juu yake, upande ule niliolala wakati wa msiba, naacha upande wa pili wazi.

Msalimie sana Ruth, mwambie shangazi yake hana namba yake. Kwetu angeniita mama mkubwa, lakini hilo hukumfundisha. Msalimie mumewe. Baba mdogo Silvester anakusalimu, anasema ukija umletee miwani. Anjela anakusalimu, na Tadeo, ambaye sasa anazungumza habari za Ulrich kanisani kana kwamba ni mtu wa Kilolo. Vitus na Sekela wanakusalimu kutoka Uyole. Mungu akulinde katika nyumba hiyo kubwa, akupe usingizi, na goti lako alishike kwa mkono wake.

Sikuombi uhame. Sikuombi ufute jina kwenye jiwe, kaa nalo. Nakuomba siku kumi, kabla ya mvua za Novemba. Uje uingie kwa mlango wa mbele, ukae kwenye mkeka wako upande ulio wazi, tukulie vizuri ukiwa unasikia, kisha tuukunje sisi wawili, mmoja huku na mmoja kule, kama tulivyokuwa tukikunja shuka za mama. Baada ya hapo nitafunga nyumba na kumpa Vitus ufunguo.

Mimi dada yako nikupendaye, niliyekwisha kukulilia na bado nakusubiri,

Veneranda